Folio ya Kumi na Tano

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemshinda shemeji. Mezani, mbele ya dada yake, chai ikiwa haijapoa.

Ilikuwa hivi. Kitinda, binti yetu wa mwisho, mtaalamu wa maabara pale zahanati, anaomba kazi kwenye hospitali kubwa. Wanataka vyeti vyote viunganishwe kuwa PDF moja isiyozidi megabaiti mbili, ipakiwe kwenye tovuti yao kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Yeye wiki nzima yuko zamu. Hapo shemeji, mdogo wake mke wangu, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala pale kona, akasafisha koo. Akasema kazi hiyo apelekewe mjomba mtu. Ana programu maalumu, mashine maalumu, kila kitu alicho nacho ni maalumu.

Nikasema haina haja. Nina zana kumi na moja kwenye kivinjari, zote za bure. Moja inaunganisha PDF. Moja inapunguza uzito wa picha. Moja inanyoosha kurasa zilizopinda. Moja inahesabu maneno. Moja inageuza chochote kuwa chochote. Hupakui programu, hujisajili, unafungua ukurasa na kuanza kazi. Nilizigundua mwenyewe Januari, mwezi mmoja baada ya kustaafu, wakati wenzangu wanagundua maumivu ya magoti.

Shemeji akasema vitu vya bure vina mambo yake. Nikamjibu kwamba nimekuwa karani wa masijala miaka thelathini na miwili, majalada yasiyo na idadi yamepita mikononi mwangu, na sitafundishwa kupanga karatasi na mtu anayewarudishia wateja vyeti vilivyotobolewa na pini. Kitinda akacheka kile kicheko chake. Akanikabidhi bahasha mimi. Mimi!

Shemeji alimaliza chai yake. Sijawahi kuona chai ikinyweka kwa uchungu namna ile.

Baada ya wageni kuondoka nikaifungua bahasha, nikasoma tangazo la kazi. Hospitali yenyewe iko safari ya siku mbili kwa basi. Kaka zake wawili walianza vivyo hivyo, na bahasha. Sasa mmoja hupiga simu mwaka mpya, wa pili hupiga akikumbushwa na wa kwanza.

Nimeshinda. Sijui nimeshinda nini.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kupiga picha vyeti kwa simu, juu ya meza ya jikoni. Vyaraka kumi na vinne. Hapana, nyaraka. Nimechoka mpaka lugha imenitoka.

Kila picha ina kidole gumba changu. Na kila picha ina maua ya kitambaa cha meza. Nikakumbuka zana ya bure inayoondoa kila kisichotakiwa nyuma ya picha. Nikaipa cheti cha diploma. Ikafikiri. Ikaondoa maua, ikaondoa na cheti, ikaniachia kidole gumba, safi kabisa, kila mstari unaonekana. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema nikipeleke hivyo hivyo, huenda wanatafuta kidole.

Saa nne shemeji akapita "kusalimia tu". Macho yake yako kwenye laptopu. Nikaifunika kwa kitambaa cha meza, maua na yote. Akauliza kama kazi inakwenda. Nikasema inakwenda. Akauliza mbona nimetoa jasho. Nikasema jikoni kuna joto, na jiko lilikuwa limezimwa. Akasema kama nimezidiwa niseme, undugu ni kufaana. Nikamshukuru kwa meno tu.

Alasiri nikawa nimeshika mbinu. Picha zote safi, zimenyooka. Nikazipa namba kimasijala, yaani kila waraka una namba yake ya folio, uwe na ukurasa mmoja au kumi. Barua ya maombi, folio ya kwanza. Wasifu, folio ya pili. Nikaendelea hivyo hadi orodha ya wadhamini, folio ya kumi na nne. Nimeongeza kwa hiari yangu cheti cha kukimbia mbio za magunia, darasa la nne, mshindi wa pili. Hicho ni folio ya kumi na tatu. Wajue wanaajiri nani.

Kazi ya siku nne nimeimaliza siku moja. Ningeweza kuituma sasa hivi. Sikuituma. Nilikaa pale nikitazama kile kitufe, nikawaza viti vya mezani. Tulikuwa watano.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Katika miaka yangu yote masijala hatukupoteza jalada hata moja. Tulikuwa tunachelewesha tu.

Jumatano, 5 Machi

Kuchelewesha hakutoshi. Kitinda ameuliza asubuhi, akifunga viatu, kama mambo yako sawa. Nikamwambia mtandao mzito. Akaifungua simu yake palepale, mtandao ukapepea kama bendera. Akanitazama. Nikasema ni mzito upande wangu wa meza.

Kwa hiyo mpango mpya, wa kitaalamu zaidi. Wametaka faili dogo? Watalipata dogo. Ile zana ya kupunguza uzito ina kitelezi: upande wa kulia "ubora wa juu", upande wa kushoto "ndogo kabisa". Nikakivuta kushoto mpaka mwisho wa reli. Vyeti vikawa ukungu. Mhuri wa chuo ukawa doa la uji. Hakuna mwajiri ambaye angesoma kitu pale, na hakuna ambaye angenilaumu. Ningesema ni ile zana, ya bure hiyo, tungefanyaje. Shemeji angefurahi, lakini binti angebaki. Niliona ni biashara nzuri.

Kisha nikafika kwenye picha yake ya pasipoti. Uso wake ulikuwa vigae vinane. Kigae cha jicho, kigae cha jicho la pili, kigae cha kidevu. Mtoto niliyemwogesha mimi mwenyewe kwenye beseni mwezi mzima mama yake alipokuwa amelazwa, mtoto niliyejifunza kumsuka nikamsuka upogo, leo namgeuza sakafu?

Nimerudisha kitelezi kulia. Nimerudia vyote kumi na vinne, kimoja kimoja. Uso wake umerudi. Faili lina megabaiti moja na nukta nane. Kamili, ndilo tatizo.

Jioni Kitinda amerudi akasema amewatambia wenzake wa maabara kwamba maombi yake yanashughulikiwa na babake, karani wa zamani, wasimwonee wivu. Nikaenda kukagua bomba la nje ambalo halina tatizo lolote.

Alhamisi, 6 Machi

Ninayo! Jamani, ninayo.

Kwenye masijala kulikuwa na karatasi tuliyoiita dokezo sabili. Si barua. Ni ile karatasi ya ndani inayomnong'oneza mkubwa jambo kabla hajaamua. Nimeona watu wakikosa vyeo kwa dokezo la mistari sita. Basi nitaweka dokezo mwisho wa faili, folio ya kumi na tano, likieleza kasoro za mwombaji. Siharibu cheti, sidanganyi mtu. Natoa taarifa tu.

Nimeandika asubuhi nzima. Nalinakili hapa kwa kumbukumbu:

"Inafaa mjulishwe mapema kasoro za mwombaji huyu. Kwanza hajui kuondoka kazini. Zamu ikiisha na kuna mama anasubiri majibu ya mtoto wake, huyu harudi nyumbani mpaka majibu yatoke, na chakula kinapoa. Tena ni mbishi. Mwaka jana alimwambia mkubwa wake kwamba sampuli mbili zimebadilishana majina. Akaambiwa anyamaze, hakunyamaza, ikabidi zirudiwe, na kweli zilikuwa zimebadilishana. Mali yake haitunzi. Mwavuli niliomnunulia alimpa bibi mmoja aliyekuja kupima damu siku ya mvua, yeye akarudi ameloa chapachapa. Isitoshe, nyumba hii imemzoea. Anacheka kwa sauti, na mama yake hawezi kuanza kupika mpaka akisikie hicho kicheko mlangoni. Nashauri aachwe alipo. Ni mimi, babake, karani mstaafu."

Zana ya kuhesabu maneno imekubali, si refu mno. Nimelisoma mara mbili. Ukali mtupu. Nimemchafua mwanangu mpaka nimejionea haya. Kisha nikapata zana ya bure ya kutengeneza mhuri, nikapiga SIRI kwa rangi nyekundu juu kulia, pale pale tulipokuwa tukiupiga zamani. Nikaunganisha.

Shemeji amekuja tena. Safari hii ana hoja: picha ya pasipoti iwe na nyuma nyeupe, sio ya samawati. Tumebishana robo saa. Alikuwa sahihi. Nimebadilisha alipoondoka, asije akajisifu.

Ijumaa, 7 Machi

Sijalala vizuri. Asubuhi Kitinda alinikuta jikoni. Hakuniuliza kuhusu faili. Aliniuliza kama nimekunywa dawa ya presha, akanimiminia maji, akasimama pale mpaka nikaimeza. Kisha akaenda zamu.

Basi. Nikasema hapana, haiwezekani. Mtu hawezi kumezeshwa dawa na mtoto halafu akamchongea. Nitalitoa lile dokezo. Akienda, aende, nitazoea kama nilivyozoea kaka zake, yaani sitazoea lakini nitanyamaza.

Nikafungua zana ya kufuta kurasa. Ikauliza: ufute ukurasa wa ngapi? Nikaandika kumi na tano. Ikafuta. Nikapakia faili, saa tano na robo asubuhi, muda ukiwa umebaki tele. Tovuti ikaandika kwamba maombi yamepokelewa na hayawezi kubadilishwa. Nikajisikia mwepesi. Nikaimba.

Saa saba nikafungua nakala, kujipongeza tu.

Folio ya kumi na tano si ukurasa wa kumi na tano! Wasifu una kurasa mbili. Matokeo ya chuo yana kurasa mbili. Mimi nimehesabu kwa folio, zana imehesabu kwa kurasa. Nilichofuta ni mbio za magunia. Dokezo limekaa mwishoni, ukurasa wa mwisho kabisa, limenyooka, linasomeka vizuri, SIRI nyekundu inang'aa.

Miaka thelathini na miwili!

Nimejaribu kupiga namba yao ya simu. Imeita mpaka ikachoka. Nimeandika barua pepe, ikarudi. Nikaingia chumbani nikakaa juu ya kitanda na viatu. Mke wangu akaja akauliza kuna msiba. Nikamwambia karibu. Nikamweleza yote tangu Jumatatu: kuchelewesha, vigae, dokezo. Nikampa laptopu.

Alisoma polepole. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa khanga, ingawa haikuwa chafu.

"Baba watoto," akasema, "wewe hujui kusengenya."

Sikuelewa amesema nini. Nikamuuliza kama tumwambie Kitinda. Akasema tusubiri. Chakula cha jioni sikukigusa. Kitinda akanishukuru mezani, mbele ya mama yake, akasema siku akipata mshahara wa kwanza nitavaa viatu vipya. Nimejipalia makaa ya moto mwenyewe, na binti ananipepea.

Jumanne, 18 Machi

Siku kumi bila neno. Kisha jana wakampigia: mahojiano leo saa tatu, kwa video.

Nikafukuzwa sebuleni. Mke wangu alisema nikae mbali, nimeshafanya ya kutosha. Nikaenda kung'oa magugu chini ya dirisha. Hakuna magugu chini ya dirisha. Nikang'oa majani ya kawaida.

Walikuwa watatu, sauti zao nilizisikia. Walimuuliza mambo ya darubini na damu, akawajibu bila kukwama. Nikaanza kupumua. Kisha sauti ya mama mmoja, mtu mzima, nafikiri ndiye mkuu, akasema kuna ukurasa wa mwisho anaotaka kuusoma. Akausoma wote. Zamu, sampuli, mwavuli, kicheko. Aliposoma "ni mimi, babake, karani mstaafu" nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye majani.

Yule mama akamuuliza kama hayo ni kweli. Kitinda akasema ya mwavuli ni kweli. Akasema sampuli nazo ni kweli. Ya kicheko hakuyajua.

Yule mama akasema kila mwombaji ameleta barua tatu za kusifiwa, zote zimefanana kama zimetoka mashine moja. Hii ndiyo peke yake aliyoiamini. Akamuuliza anaweza kuanza lini.

Nikasikia mlango. Kitinda akaja mpaka nilipolala. Akachuchumaa. Nilidhani atanifokea, na ningefurahi kufokewa.

"Baba, si ungeniambia tu hutaki niende."

"Sitaki uende," nikasema. Ilitoka yenyewe, na mdomo una udongo.

"Na mimi naogopa kwenda," akasema. "Ningekaa. Ulipoichukua ile bahasha kwa furaha ile, nikajua umeniamini, nikasema basi, acha niende."

Kumbe bahasha ile aliileta akinitazama usoni! Na mimi macho yangu yalikuwa kwa shemeji tu. Nikamwambia sikuwa na furaha ya yeye kuondoka, nilikuwa na furaha ya kumshinda mjomba wake. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye majani karibu yangu, akaniegemea bega. Ndani nikasikia mke wangu anatoa sufuria.

Nikamwambia basi abaki. Akanifuta udongo mdomoni kwa mkono wake, akasema ataanza tarehe mosi Aprili.

Jioni shemeji akaja na pongezi. Amewaambia mtaa mzima kwamba kilichombeba mtoto ni nyuma nyeupe ya picha. Nimemwachia. Hapana, sijamwachia, ila leo sina nguvu.

Ijumaa, 28 Machi

Ameondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Begi nimelibeba mimi. Shemeji alilia kuliko wote, kwa sauti, mpaka kondakta akamuuliza kama na yeye anasafiri. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu: magurudumu, madirisha, abiria. Basi lilipokata kona nikawa nimeishiwa vya kuhesabu.

Mke wangu hajapika. Tumekula mkate, tumekaa upande mmoja wa meza.

Jumapili, 13 Aprili

Kitinda ametuma picha ya chumba chake. Kitanda, dirisha, meza ndogo, jiko la gesi. Mke wangu ameridhika. Mimi nikaipitisha kwenye zana mpya ya bure ya kukuza picha, mara nne, kisha mara nane. Na juu ya meza, vikombe viwili.

Viwili! Mtu anakaa peke yake, vikombe viwili vya nini? Nikafungua jalada. Nikaanza orodha ya washukiwa: daktari, dereva wa gari la wagonjwa, jirani asiyejulikana. Zana ilikuwa imekuza kikombe cha pili mpaka kikaota kitu kama masharubu. Nikaenda kumwonyesha mke wangu ushahidi. Akasema nipige simu niulize. Nikamweleza kwamba uchunguzi haufanywi hivyo. Akapiga yeye.

Kitinda akasikika akisema hicho cha pili ni cha Baba. Alikinunua siku ile ile aliyonunua cha kwake, kikubwa kidogo, maana Baba hapendi chai ya mafunda mawili. Akasema niende nikamtembelee, hata wiki moja.

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nililia jikoni, nikiwa nimesimama, mke wangu ameshika simu, na Kitinda upande wa pili anauliza mbona kimya.

Lakini wiki moja? Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, chai hata haitapoa! Na mtu hawezi kumwambia mtoto usoni kwamba wiki haitoshi, ataona anabanwa. Mambo kama haya yanataka utaratibu.

Nimerudi kwenye kivinjari. Nimeandika barua rasmi ya mwaliko, kutoka kwa Kitinda kuja kwangu, akinisihi nikae miezi mitatu, muda unaoweza kuongezwa. Sahihi yake nimeikata kwenye barua ya maombi kwa zana ya bure na kuibandika chini, imekaa vizuri sana. Nimepiga mhuri IMEPOKELEWA, tarehe ya leo. Nitamtumia nakala kesho, nimwambie nimeupata mwaliko wake na nimeukubali.

Mke wangu ameisoma yote, taratibu, miwani puani. Nilingoja anikemee. Ameuliza tu mbona mwaliko haumtaji yeye. Nimeifungua tena, naongeza ukurasa wa pili.